Mgeni Akitaka Kujenga Kisiwani: Yale Mkaazi wa Lamu Anapaswa Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Katika kisiwa cha Lamu, hasa Shela, na ng'ambo kule Manda, si jambo geni kumwona raia wa nchi nyingine akitafuta ploti ya kujenga nyumba ya mapumziko inayotazama bahari. Ujenzi wa aina hiyo huleta kazi. Mafundi wa mawe na wachongaji wa milango hupata vibarua, wenye majahazi na punda hubeba mawe na mchanga, na mwenye ardhi hupata fedha. Hata hivyo, mapatano yasiyofuata sheria yanaweza kuiacha familia na kesi mahakamani badala ya fedha. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, na hatua ambazo mwenye ardhi anapaswa kuchukua kabla ya kukubali.

Mgeni hawezi kumiliki ardhi milele

Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kuwa mtu asiye raia anaweza kushikilia ardhi kwa njia ya kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hata mkataba ukiandikwa kwamba ardhi ni yake "milele", sheria itamhesabia miaka 99 na si zaidi.

Kifungu hicho kinagusa kampuni pia. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu hisa zake zote zinamilikiwa na raia wa Kenya. Mgeni akiwa na hisa hata moja, kampuni hiyo ni sawa na mgeni mbele ya sheria ya ardhi.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba miaka 99 ni upeo, si lazima. Mwenye ardhi ana ruhusa ya kukodisha kwa miaka 15, 30 au 50, kadiri watakavyopatana.

Mashamba na ploti za ufuoni

Ardhi ya kilimo iliyo katika eneo linalosimamiwa na Bodi ya Udhibiti wa Ardhi haiuzwi wala kukodishwa bila idhini ya bodi hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inaitaka bodi ikatae ombi ikiwa anayepewa ardhi si raia, isipokuwa Rais awe ameondoa sharti hilo kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mapatano yaliyofanywa bila idhini inayotakiwa ni batili, na mnunuzi ana haki ya kudai fedha alizolipa kama deni. Kwa hivyo, mkaazi aliyeuza shamba la minazi kwa mgeni kwa karatasi ya mkono, kisha akatumia fedha hizo, anaweza kutakiwa kuzirudisha zote.

Ploti zilizo safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji makuu ya Bahari Hindi zina sharti jingine. Tangu Sheria ya Ardhi iliporekebishwa mwaka wa 2016, ploti hizo haziwezi kupewa mgeni bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi wa serikali ya kitaifa. Nayo sehemu iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba. Hakuna mwenye ploti, awe mwenyeji au mgeni, anayeruhusiwa kuiuza au kuifanya yake.

Hatari ya kuazima jina

Wapo wanaoombwa na wageni waandikishe ardhi kwa majina yao, ili mgeni ajenge nyuma ya jina la raia. Mpango huu una hatari kwa pande zote mbili. Katiba inasema kuwa mali iliyowekwa amana huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu wote wanaofaidika nayo ni raia. Hati ya siri iliyoandikwa kando haibadilishi hilo.

Kwa upande wa mkaazi, jina lililo kwenye hatimiliki ndilo linalodaiwa kodi za ardhi, na ndilo linaloandikiwa ilani nyumba ikijengwa bila kibali. Kwa upande wa mgeni, aliyeazima jina akifariki, warithi wake wanaweza kuidai nyumba kuwa sehemu ya mirathi. Mkaazi anayeombwa jina lake anashauriwa kukataa, hata anayeomba akiwa rafiki wa miaka mingi.

Kuuza au kukodisha?

Mkaazi akiuza, hulipwa mara moja na haki yake juu ya ardhi hiyo inakwisha. Muuzaji pia anapaswa kulipa ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kwa mfano, ploti iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 2 na kuuzwa kwa milioni 12 ina faida ya milioni 10 kabla ya kuondoa gharama zinazokubalika. Ikiwa hakuna gharama za kuondoa, ushuru ni shilingi milioni 1.5. Anayepanga matumizi ya fedha za mauzo bila kukumbuka ushuru huu hujikuta na pengo.

Akikodisha, hubaki kuwa mwenye ardhi na hupokea kodi kwa muda wote wa mkataba. Ploti ikikodishwa kwa miaka 30, mtoto anayezaliwa leo ataipokea akiwa mtu mzima wa miaka 30. Ikikodishwa kwa miaka 99, watakaoipokea ni vitukuu. Muda wa mkataba una uzito sawa na bei.

Mkataba mzuri wa kukodisha hujibu maswali haya waziwazi:

- Kodi ni kiasi gani, hulipwa lini, na itaongezwa baada ya miaka mingapi?
- Nani atalipa ada za ardhi za kaunti?
- Je, mgeni anaweza kumpa mtu mwingine mkataba huo bila idhini ya mwenye ardhi?
- Muda ukiisha, nyumba ni ya nani? Kwa kawaida jengo hufuata ardhi, lakini mkataba ukisema vingine, mwenye ardhi anaweza kudaiwa fidia.
- Mgeni akiacha kulipa, ni hatua gani zitafuatwa?

Mkataba huu lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi mbele ya mashahidi na usajiliwe kwa Msajili wa Ardhi. Mwenye ardhi anashauriwa kuwa na wakili wake mwenyewe, si yule aliyeletwa na mnunuzi au dalali.

Je, ardhi ni ya anayeitoa?

Kabla ya mapatano yoyote, sachi rasmi ifanywe katika afisi ya Msajili wa Ardhi ili kujua jina lililoandikwa, ukubwa wa ploti, na kama kuna deni la benki au zuio la mahakama. Katika visiwa vyetu, mambo manne huleta migogoro zaidi:

Mirathi. Nyumba au shamba likiwa bado kwa jina la marehemu, mrithi mmoja hawezi kuliuza. Mirathi ithibitishwe kwanza katika Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine yenye mamlaka, na kila mrithi, pamoja na mabinti, ajue fungu lake.

Mali ya ndoa. Kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali ya ndoa haiuzwi wala kukodishwa bila idhini ya mume na mke.

Wakfu. Ardhi iliyotolewa wakfu si ya mtu binafsi. Anayeisimamia si mwenye kuiuza.

Ardhi ya jamii. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa iko chini ya amana ya serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na hata kaunti yenyewe hairuhusiwi kuiuza. Barua ya mzee wa mtaa si hatimiliki.

Vibali kabla ya jiwe la kwanza

Kupata ardhi si ruhusa ya kujenga. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila mjenzi apate kibali cha kaunti kwanza. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Mradi pia husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na pale sheria ya mazingira inapotaka, mjenzi apate leseni ya NEMA.

Masharti haya yanalinda mambo ambayo kila mkaazi anayategemea. Vilima vya mchanga vya Shela huchuja na kuhifadhi maji ya mvua, na visima vilivyoko huko ndivyo vinavyolisha Shela na mji wa Lamu kwa maji matamu. Kujenga juu ya vilima hivyo, au kuchimba mchanga wake, ni kuhatarisha maji ya watu wote. Mji Mkongwe wa Lamu nao umo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo ujenzi au ukarabati ndani ya eneo la hifadhi huhitaji pia idhini ya wasimamizi wa turathi walio chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Mkaazi anayeona ujenzi usio na bango la mradi, njia ya kwenda ufuoni iliyofungwa, au mchanga unaochotwa vilimani, ana haki ya kuripoti katika afisi ya mipango ya kaunti au kwa msimamizi wa wadi yake. Na aliyeletewa karatasi za kutia sahihi asikubali kuharakishwa. Azipeleke kwanza kwa wakili, na afike kwa Msajili wa Ardhi kufanya sachi kabla ya kupokea hata shilingi moja ya arubuni.