Unataka Turbo kwa Land Cruiser Yako Garissa? Soma Hii Kabla Hujamwaga Doh

Simama pale daraja la Tana asubuhi uhesabu ndai zinazoingia Garissa town. Kuna malori ya soko la mifugo, kuna Probox zimejaa watu hadi milango inalia, na kuna zile Land Cruiser za mgongo wazi ambazo bila hizo Wajir na Mandera hazingekula miraa. Nyingi za hizo Cruiser za kitambo ziko na injini moja maarufu sana: 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Hiyo mashine ni ngumu, inakula mafuta ya kila aina na inasamehe madere wabaya. Shida yake ni moja tu, haina turbo. Ipige mzigo, washa AC, iingize kwa mchanga, halafu uone vile lori la ng'ombe litakupita likikupigia honi.

Ndio maana wasee wengi wanataka kuiwekea turbo. Jibu langu ni: weka, lakini chukua ndogo, na pesa zingine peleka kwa filta na intakula. Nitakuambia kwa nini.

Injini ni mapafu. Dizeli haiwezi kuungua bila hewa, so ukitaka nguvu zaidi lazima uipe injini hewa zaidi. Mswisi mmoja anaitwa Alfred Büchi alipata hati miliki ya wazo hili 1905: ule moshi unaotoka kwa injini ukiwa moto na una mbio, mbona uende bure? Uzungushe gurudumu dogo. Upande wa pili wa shafti hiyo kuna gurudumu lingine linalovuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Turbo ni hiyo tu, konokono wawili wa chuma wamegeuziana mgongo, shafti moja katikati.

Lakini cheki mbio za hiyo shafti. Inazidi mizunguko laki moja kwa dakika. Hakuna beringi ya kawaida inaweza kuvumilia hiyo, so shafti inaelea kwa utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa sekunde chache, au ikija na uchafu, chuma inagusana na chuma na hapo umekwisha. Turbo nyingi zinazokufa haziuliwi na uzee. Zinauliwa na oili chafu, bomba la oili lililoziba, ama mchanga.

Na mchanga ndio Garissa hii. Toka mjini uelekee Dadaab, kama kilomita 100 hivi, nyuma ya basi, halafu ufungue boksi la filta jioni. Chembe moja ya mchanga ikipita inagonga vile visu vidogo vya turbo kama risasi. Visu vikiisha makali, turbo haisukumi kitu. Kuna makanika anapuliza filta ya karatasi na kompresa kila wiki na kukuambia iko fiti. Buda, ile hewa inatoboa karatasi, matundu huyaoni kwa macho, na mchanga unapita bila kubisha. Nunua filta mpya, funga snokeli iliyopanda juu ya vumbi, na kama una mfuko weka kile kikombe cha kuzungusha hewa kinachodondosha mchanga kabla haujafika kwa filta.

Sasa joto. Ukikandamiza hewa inapata moto. Chukua hewa ya Garissa mchana, nyuzi 40, uisukume kwa presha ya kama 10 psi. Inatoka kwa turbo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa moto ni nyepesi, kwa hivyo ile faida uliyonunua inaanza kuyeyuka. Intakula ni rejeta ya hewa, inairudisha chini kabla iingie kwa injini. Msee wa Limuru anaweza kuishi bila intakula. Wewe wa Modogashe huwezi, na usikubali fundi aibandike nyuma ya rejeta ambapo hewa ni ya jikoni.

Kuna kitu watu hawajui. Garissa iko chini, kama mita 150 tu kutoka usawa wa bahari, na Nairobi iko kama 1,700. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. So 1HZ bila turbo inapumua vizuri zaidi kwenu kuliko kwa mlima wa Thika. Turbo inakulipa zaidi ukipanda na mzigo kupitia Mwingi kuelekea Nairobi, pale wenzako wanaanza kushusha gea.

Sizi, basi. Injini ya lita 4.2 inameza hewa hiyo kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, hiyo ni kama lita 7,500 za hewa kila dakika, kabla turbo haijaongeza. Turbo kubwa ya lori inaweza kutoa hewa hiyo bila kutoa jasho, lakini inachelewa kuamka. Utakanyaga, usubiri, usubiri, halafu nguvu zije wakati tairi zimeshazama kwa mchanga. Kwa barabara zetu nguvu unaitaka chini, kwa mizunguko 1,500 hadi 2,000. Hiyo ni kazi ya turbo ndogo. Ulizia inayolingana na CT26 ya Toyota, ile ilikuja na ndugu yake 1HD-T, ambayo pia ni lita 4.2.

Lakini usidanganyike kwamba ni ndugu kila kitu. 1HD-T ilizaliwa na turbo. 1HZ haikuzaliwa nayo, inabana hewa zaidi ndani na kichwa chake hakipendi joto kali. Fundi akikuwekea turbo halafu afungue pampu ya dizeli hadi moshi mweusi utoke kama wa tanuri, utaskia raha wiki mbili, halafu silinda hedi ipasuke ama pistoni iyeyuke. Kaa na presha ya 7 hadi 10 psi. Na funga geji ya joto la moshi. Ikikaribia nyuzi 700 toa mguu, hata kama abiria wanakucheka.

Ukienda Kirinyaga Road ama Grogan kutafuta ya mtumba, itakuwa inang'aa, hiyo isikushtue. Ishike shafti. Ikicheza kidogo kushoto kulia ni kawaida, ni nafasi ya oili. Ikicheza ndani nje, irudishe kwa meza. Angalia kama visu vimekwaruza ukuta. Ukiinunua, badilisha pia bomba la oili la kuingia na la kutoka, usirudishe yale ya zamani. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili ndani kwa mkono, zungusha injini bila kuiwasha hadi oili ifike.

Halafu kuna ngori moja kila dere wa dizeli ajue. Mpira wa turbo ukikatika, injini inaanza kunywa oili yake yenyewe. Moshi wa samawati unajaza barabara, injini inapiga kelele na kupanda mbio, unazima swichi na haizimi. Usiruke nje. Kama ni gea za mkono, weka gea ya juu kabisa, kanyaga breki hadi mwisho, achilia klachi ife kwa nguvu. Ama ziba mdomo wa hewa na ubao. Mkono usiweke, utavutwa.

Na ukifika stegi baada ya kuvuta mzigo kutoka Habaswein, usizime hapo hapo. Iache ingurume dakika mbili, oili ipoze ile shafti, wewe ukiitisha chai ya maziwa ya ngamia.