Mtoto Mwenye Pumu Hamwambukizi Mwenziwe

Katika nyumba nyingi zenye mtoto wa pumu husikiwa maneno mawili. Wengine hunong'ona kwamba mtoto amerogwa. Wengine huwakataza watoto wao wasilale naye chumba kimoja, wakidhani ya kuwa ugonjwa huo huambukiza. Maneno hayo yote si kweli, nayo humwonea mtoto asiye na kosa. Basi yafaa tujue jinsi pumu ianzavyo.

Si kila pumu ina asili moja, lakini kwa watoto wengi hutokana na mzio. Katika vumbi la nyumba, hasa ndani ya magodoro na mito, huishi wadudu wadogo mno, jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho. Hawaumi mtu, hula mabaki ya ngozi yetu. Lakini kinyesi chao kina protini ambazo huingia kifuani pamoja na pumzi. Mwaka 1967 wataalamu wa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, walionyesha kwamba wadudu hao ni asili kubwa ya mzio wa vumbi.

Mtoto azivutapo protini hizo mara ya kwanza, haugui. Lakini kwa watoto wengine, hasa ambao wazazi wao wana mzio, walinzi wa mwili huzidhania kuwa adui, wakatengeneza silaha iitwayo IgE. Silaha hiyo hushikamana na chembe zilizomo katika njia za pumzi, ikangoja. Protini zirudipo, chembe hizo humwaga kemikali zao mara moja. Njia za pumzi hukaza, huvimba na kujaa ute, na kifua hulia kama filimbi.

Tena mzio huo waweza kukua. Huko Ujerumani, watoto waliozaliwa mwaka 1990 walifuatwa hata wakatimiza miaka 20, na damu yao ikapimwa mara kwa mara. Ilionekana kwamba mzio wa utitiri huanza kwa protini chache tu, kisha kwa watoto wengi huenea hata protini nyingine za mdudu yule yule. Mfano wa mlinzi amshukuye mtu mmoja, mwisho akaushuku ukoo mzima. Wale ambao mzio wao ulienea zaidi walipatwa na pumu zaidi. Angalieni basi: mzio huenea ndani ya mwili wa mtoto mwenyewe, wala hauruki kwenda kwa mwenziwe.

Wazazi, msitafute hirizi. Mpelekeni mtoto kwa tabibu mapema, na akipewa dawa ya kuvuta ya kila siku, msiiache kwa kuwa leo anacheka, maana uvimbe hudumu ndani hata kifua kikiwa kimya. Mwepusheni na moshi wa tumbaku na wa jikoni. Nanyi walimu, msimwite mvivu aachapo kukimbia. Jueni dawa yake ilipo. Akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mpeni dawa yake ya kufungua kifua na kumpeleka hospitali pasipo kukawia.

Mungu atupe hekima ya kuwalinda wadogo hawa, na upendo wa kuwaketisha pamoja na wenzao.