Mlinzi na Anayemtuma: Ulinzi wa Jamii katika Nchi ya Abagusii

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, kazi ya mlinzi wa amani haijawahi kuamuliwa na silaha aliyoshika wala na sheria peke yake, bali zaidi na taasisi iliyomweka: ni nani aliyemteua, ni nani anayemlisha, na ni nani mwenye uwezo wa kumwita na kumwuliza alichofanya.

Kabla ya ukoloni, ulinzi wa mifugo na mipaka ulikuwa mikononi mwa abamura, yaani vijana wa kiume waliokwisha kutahiriwa, ambao waliishi katika egesarate (kwa wingi ebisarate), zizi la ng'ombe lenye ua imara lililojengwa mbali na maboma ya wazee, upande wa malisho ambako uvamizi wa Wamaasai na Wakipsigis ulitarajiwa. Ng'ombe waliolindwa humo ndio waliotolewa mahari wakati wa kuoa ulipofika, hivyo kijana aliyezembea kundi likaporwa alikuwa amejichelewesha kuoa, na aliyechokoza vita visivyo na maana alirudi nyumbani kuwakabili abagaka, wazee wa ukoo, ambao ndio waliokuwa na neno la mwisho kuhusu ng'ombe hao. Ujira, nidhamu na usimamizi vilikaa mahali pamoja, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya utaratibu huo; udhaifu wake ni kwamba mlinzi aliwajibika kwa ukoo wake tu, na mali ya ukoo mwingine haikuwa amana yake.

Mwaka 1908, Mgusii aliyeitwa Otenyo alipomchoma mkuki afisa wa utawala aliyeitwa Northcote, Waingereza walilipiza kisasi kwa ukali mkubwa, na miaka michache baadaye wakapiga marufuku ebisarate. Nafasi ya abamura ikachukuliwa na askari wa chifu, ambao sheria ya mwaka 1929 iliwafanya polisi wa kikabila, chimbuko la Polisi wa Utawala wa leo. Askari huyo huenda alizaliwa lokesheni ileile aliyoihudumia, lakini sare na mshahara wake vilitoka serikalini na amri zake zilitoka kwa chifu, naye chifu aliwajibika kwa mkuu wa wilaya. Basi kazi yake ikawa kukamata wasiolipa kodi ya nyumba na kumwaga pombe ya wenyeji, na mwananchi akajifunza kumkwepa.

Katiba ya mwaka 2010 iliunda Huduma ya Taifa ya Polisi pamoja na tume ya kuajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu maafisa, ili mambo hayo yasiamuliwe na mkubwa mmoja. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma, ila kifungu cha 24 kinaruhusu haki hiyo ipunguzwe kwa polisi na wanajeshi. Kwa hiyo, katika boma moja la Nyamira, mwalimu anaweza kuwa na KNUT, chama cha walimu kilichoanzishwa mwaka 1957, kikamtetea hadi mahakamani, ilhali ndugu yake konstebo hana wa kumsemea anapopewa uhamisho wa ghafla au zamu zisizokwisha. Askari aliyetoka mbali akapangwa Keroka au Ogembo, asiyejua Ekegusii na asiyejua atakaa kwa muda gani, hawezi kulaumiwa peke yake kwa kutoijua jamii anayoilinda.

Pengo hilo kati ya polisi na jamii, lililokuwapo hata kabla ya katiba hiyo, ndilo lililojazwa na sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji vilivyoanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tanzania ilivitambua kisheria mwaka 1989. Katika Kisii vilikua bila sheria ya kuvipa mamlaka wala kuviwekea mipaka. Vijana waliokuwa wakiwajua wezi kwa majina walisifiwa mwanzoni, lakini kwa kuwa hawakuwa na abagaka wa kuwahoji kama wa egesarate, wala tume kama ya polisi, wengine waligeuka kupiga, kutoza pesa na kutumikia wanasiasa. Serikali ilivipiga marufuku mwaka 2010, pamoja na Chinkororo, kundi lililojitwalia jina la wapiganaji wa mipaka.

Kwa upande wa polisi wenyewe, jaji mkuu mstaafu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, aliongoza jopo lililopendekeza mwaka 2023 nyongeza ya mishahara ya polisi. Kwingineko polisi wana chama cha kuwasemea: Afrika Kusini ina chama cha polisi na magereza, POPCRU, tangu mwaka 1989. Konstebo wa Kisii anacho tu chama cha akiba na mikopo, kinachomwezesha kununua shamba na kulipa karo, lakini hakina kauli juu ya uhamisho, zamu wala amri anayoona si halali.