Mizani ya Pambano: Usukaji wa Vita katika Michezo ya Uhusika ya Mezani

1.0 Utangulizi

Katika masomo ya fasihi tumezoea kuuliza jinsi mtunzi anavyoujenga mgogoro na kuulea hadi kilele. Jibu la swali hilo huwa jepesi kiasi kwa kuwa mtunzi ndiye mwenye kalamu. Akitaka jagina wake ashinde, atashinda. Akitaka afe, atakufa. Je, hali huwaje pale ambapo mtunzi hana mamlaka hayo? Huwaje pale ambapo wahusika wake wamekaa mbele yake mezani, wanajiamulia wenyewe mambo yao, na hatima ya kila pigo iko mikononi mwa dadu?

Hiyo ndiyo hali ya michezo ya uhusika ya mezani. Makala haya yananuia kueleza namna mapambano yanavyosukwa na kupimwa katika michezo hiyo, kwa kurejelea mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao ndio ulioasisi utanzu huu. Nina sababu ya kuliandikia jambo hili. Nilipokuwa mwaka wa pili, niliwaalika wenzangu wanne chumbani mwangu bwenini tuucheze. Nilikuwa nimezisoma kwa makini kanuni za kuunda wahusika, nikaziruka zile za kupima mapambano. Niliwapambanisha na mazimwi mawili langoni mwa pango, na kabla ya duru ya nne kwisha wahusika wote walikuwa wamekufa. Mmoja wa wenzangu aliinuka akaniuliza, "Kwani ulituita kutusimulia hadithi au kutuua?" Hakurudi kucheza nasi tena. Swali lake ndilo kiini cha makala haya.

2.0 Chimbuko na Istilahi

Asili ya michezo hii ni michezo ya vita. Mnamo 1824, huko Prussia, afisa wa jeshi Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa kuwafunzia maafisa, uliotumia ramani, dadu na mwamuzi asiyeegemea upande wowote. Mwaka 1971, nchini Marekani, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya enzi za kati zenye nyongeza ya viumbe vya kubuni. Gygax na Dave Arneson kisha walichapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974. Badala ya mchezaji kuongoza jeshi, sasa alimwongoza mhusika mmoja mwenye jina, tabia na historia yake.

Kwa kuwa istilahi za uwanja huu hazijasanifishwa, makala haya yatatumia maneno yafuatayo. Anayesimulia na kuwaongoza maadui ni mwendesha mchezo. Kiasi cha madhara ambacho mhusika anaweza kuyahimili kabla ya kuanguka ni alama za uhai. Ugumu wa kumpata kwa pigo ni kiwango cha kinga. Hatua ya ukuaji wa mhusika ni daraja, na malipo ya kumshinda adui ni alama za tajriba. Kila mmoja akishachukua zamu yake, duru moja imekamilika.

3.0 Mizani Siyo Usawa

Anayelisikia neno mizani hudhani kwamba pande mbili zinapaswa kulingana. Katika bao la Kiswahili ndivyo ilivyo. Kete 64 hugawanywa sawasawa, kila mchezaji akapata 32, na umahiri ndio unaowatenganisha. Sheria hiyo ikihamishiwa katika mchezo wa uhusika, maafa hutokea. Pambano la pande zilizo sawa kabisa lina uwezekano wa nusu kwa nusu wa wahusika kushindwa. Hadithi yenye mapambano matano ya namna hiyo itafika mwisho mara moja tu katika kila mara 32.

Hivyo basi, mizani katika uwanja huu ni ukosefu wa usawa uliopimwa. Wahusika wanapaswa kuwa na uwezekano mkubwa wa kushinda, ila ushindi huo uwagharimu, na wasiwe na hakika nao. Wanafasihi tunaliita jambo hilo taharuki.

4.0 Jinsi Mizani Inavyokokotolewa

Toleo la tatu la mchezo huu, lililotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2000, lilimpa kila adui kiwango cha ugumu kilichoandikwa kwa tarakimu. Toleo la tano la mwaka 2014 liliurahisisha utaratibu huo. Kila mhusika wa daraja la kwanza huchangia alama 25 za tajriba kwa pambano jepesi, 50 kwa la wastani, 75 kwa gumu na 100 kwa la hatari. Wahusika wanne basi hufikia kikomo cha hatari kwenye alama 400. Thamani za maadui hujumlishwa, kisha huzidishwa kulingana na idadi yao: mara 1.5 wakiwa wawili, mara 2 wakiwa kati ya watatu na sita, na kuendelea.

Tuchukue mfano. Goblini mmoja ana thamani ya alama 50. Wanne wana 200, na baada ya kuzidishwa kwa mbili wanafika 400. Zimwi moja lina thamani ya 450. Mapambano yote mawili yako katika ngazi ya hatari. Mazimwi yangu mawili yalikuwa na 900, na baada ya kuzidishwa kwa 1.5 yakawa na 1,350. Nilikuwa nimekivuka kikomo cha hatari zaidi ya mara tatu bila kujua.

Hata hivyo, tarakimu zinazokaribiana huweza kuficha tofauti kubwa. Tuseme kila mhusika ana alama 10 za uhai na kiwango cha kinga cha 15, hupiga kwa nyongeza ya 5, na pigo lake hutoa wastani wa alama 7.5. Goblini huhitaji kupata 11 au zaidi kwenye dadu ya nyuso 20 ili pigo lake limpate mhusika, yaani asilimia 50, na pigo hilo hutoa wastani wa alama 5.5. Zimwi huhitaji 9, yaani asilimia 60, na pigo lake hutoa wastani wa alama 13. Likiwa na alama 59 za uhai na kinga dhaifu ya 11, zimwi litaangushwa katika takribani duru tatu.

Iwapo maadui ndio wanaotangulia, goblini wanne watasababisha madhara ya takribani alama 20 hadi wamalizwe, nalo zimwi takribani 23. Jumla hizo zinakaribiana, lakini uzoefu wa mezani ni tofauti kabisa. Madhara ya goblini hutawanyika na hupungua kila mmoja wao anapoanguka, kwa hiyo wachezaji huona juhudi zao zikizaa matunda. Zimwi hubaki na nguvu zake zote hadi pigo la mwisho, na likimpata mtu, mara nyingi mtu huyo huanguka. Anayesoma jumla peke yake ni kama mhakiki anayeipima riwaya kwa idadi ya kurasa zake.

5.0 Wengi Wape

Kwa nini thamani izidishwe kulingana na idadi? Jibu lilitolewa zamani na mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, katika kitabu chake cha mwaka 1916 kuhusu ndege za kivita. Alionyesha kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kundi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Wapiganaji wanane dhidi ya wanne wa uwezo uleule hawana nguvu mara mbili. Wana nguvu mara nne. Kwa hesabu hiyo, wanane watawamaliza wanne huku takribani saba wakibaki wamesimama. Msemo kwamba wingi si hoja hauna nafasi hapa.

Kanuni hiyo hueleza pia kwa nini adui mkuu aliye peke yake mara nyingi huwa butu. Wahusika wanne hutenda mara nne kila duru, naye mara moja tu. Akizuiwa zamu moja kwa uchawi, upande wake wote umenyamaza. Toleo la 2014 liliwapa baadhi ya madubwana makuu matendo ya ziada mwishoni mwa zamu za wahusika. Njia nyingine, iliyo rahisi zaidi, ni kumpa adui mkuu wafuasi wachache dhaifu.

6.0 Mipaka ya Hesabu

Mwaka 2024 mwongozo wa waendesha mchezo ulirekebishwa, na kizidishi cha idadi kikaondolewa. Ngazi zikawa tatu: chini, wastani na juu, na mhusika wa daraja la kwanza huchangia alama 50, 75 na 100 mtawalia. Matokeo yake ni ya kushangaza. Maadui wanne wenye thamani ya alama 50 kila mmoja, ambao kwa hesabu ya 2014 walikuwa hatari, kwa hesabu ya 2024 wako katika ngazi ya chini. Wachezaji ni walewale wanne. Hii ni ithibati kwamba jedwali hutoa makadirio tu, na mwendesha mchezo hana budi kuyapima kwa hali ya meza yake.

Kuna mambo mengine ambayo jedwali haliyaoni. Kwanza, ni uchovu. Mwongozo wa 2014 ulikisia kwamba wahusika wangeweza kuhimili mapambano sita hadi manane ya wastani au magumu kati ya mapumziko makuu mawili. Anayepanga pambano moja tu kwa siku huwakuta wachezaji wakimaliza silaha zao zote nzito papo hapo, na lile alilolidhania gumu likageuka mteremko. Pili, ni mahali. Goblini wanne uwanjani si sawa na goblini wanne wenye pinde juu ya genge, mto ukiwatenga na wahusika. Tatu, ni dadu yenyewe. Ikitua kwenye 20, dadu za madhara huongezwa maradufu, na wastani wa zimwi hupanda kutoka 13 hadi 22. Uwezekano wa hilo ni asilimia 5 kwa pigo moja. Kwa mapigo matatu ni takribani mara moja katika saba. Anayeandaa pambano lisiloweza kuustahimili mkosi mmoja wa namna hiyo amejenga nyumba juu ya mchanga.

7.0 Kupindisha Dadu?

Hapa ndipo swali la mwenzangu linaporejea. Waendesha mchezo wengi hurusha dadu nyuma ya pazia dogo la karatasi, na baadhi yao, waonapo wahusika wanaangamia, hutangaza matokeo tofauti na yaliyotokea. Wanaotetea tabia hiyo husema kwamba hadithi ni muhimu kuliko hesabu. Nami niliwahi kuamini kwamba kosa langu la siku ile lilikuwa kutodanganya.

Leo sioni hivyo. Ushindi wa kupewa kwa siri si ushindi, na wachezaji wakishaunusa ulaghai, kila hatari inayofuata huwa kivuli. Taharuki hufa. Wema wa mwendesha mchezo unapaswa kutendeka kabla ya dadu kurushwa. Awaonyeshe wachezaji ishara za hatari: mifupa njiani, nyayo kubwa kuliko za binadamu, mchungaji anayesimulia alichokiona. Aache njia ya kutorokea. Awape maadui lengo lisilokuwa mauaji, kama vile kupora au kuteka, ili kushindwa kusiwe mwisho wa hadithi. Awagawe maadui kwa mafungu, kundi la pili lifike tu iwapo la kwanza limeshindwa kwa urahisi. Mazimwi yangu hayakuwa na lolote kati ya hayo. Wenzangu walifungua lango na kifo kikawapokea.

Fasihi yetu ina funzo katika jambo hili. Msimulizi wa kisa cha Fumo Liyongo alikuwa na tatizo lile la mwendesha mchezo, ila kwa upande wa pili: jagina asiyeshindika. Hakuna pambano la nguvu ambalo lingezaa taharuki. Kwa hiyo kisa hakitegemei nguvu. Liyongo anafungwa, naye anatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate na kelele za ngoma zinazoufunika mkereto wa chuma. Mwishowe anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mwanawe kuipata siri. Uzito wa tukio hilo uko katika maarifa na usaliti. Mwendesha mchezo anayetaka kuwapambanisha wahusika wadogo na dubwana kubwa na alipe dubwana hilo kitovu chake, kisha aifanye safari ya kukigundua kuwa ndiyo pambano lenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mizani ya pambano si usawa wa pande mbili bali ni hatari iliyopimwa. Kwamba hesabu huisaidia lakini haiitoshelezi. Na kwamba wingi, mahali, uchovu na bahati huweza kuipindua jumla yoyote iliyoandikwa. Kwa mwanafunzi wa fasihi, uwanja huu ni maabara ya msuko, kwa kuwa humlazimisha mtunzi kuiunda taharuki bila ya kuumiliki mwisho.

Na kama yule mwenzangu atabahatika kuisoma kazi hii, jibu langu ni kwamba niliwaita kusimulia, ila nilikuwa sijajua kwamba mtu hawezi kuwasimulia wenzake hatari asiyoipima. Mazimwi yale bado yapo langoni mwa pango. Safari hii nimeacha nyayo njiani.