Basketi nyeupe katika mji wa vumbi: kiatu cha kitambaa kinasema nini juu yako?

Siku ya posho jioni, simama kidogo kando ya barabara pale Dilala na uangalie miguu, usiangalie nyuso. Utaona babushi nyingi. Utaona buti za usalama za wale wanaotoka zamu. Na katikati yao vijana, wanaume kwa wanawake, na basketi za kitambaa nyeupe pe, kamba zimefungwa vizuri.

Hapa Kolwezi vumbi linaingia mpaka ndani ya sahani. Kwa hiyo mtu akiona kiatu cheupe hivi, maneno yanatoka yenyewe: "Ule hatembeake na mikulu!" Maana yake ana gari, ama kazi yake ni ya ofisi. Ukweli ni kwamba wengi wao hawana gari wala ofisi. Waliamka mapema, wakachukua mswaki wa zamani na sabuni, wakasugua. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa natembea na kitambaa ndani ya mfuko, nikikaribia mlango wa shule ninainama kupangusa. Kwa hiyo kiatu cheupe, mara nyingi, hakisemi "niko na falanga". Kinasema "nilijitahidi".

Kiatu chenyewe si cha jana. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hati yake Marekani juu ya namna ya kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Tangu hapo soli ya mpira ikaweza kushikana na kitambaa kigumu. Kampuni ya Converse ilianza mwaka 1908, na kiatu chake cha All Star kilitoka 1917 kwa wachezaji wa basketi. Ndiyo sababu sisi, kupitia Kifaransa, tunaita viatu hivi basketi, na wengine wanasema tenisi. Ndugu zetu wa Tanzania wanasemaka raba. Huo mwaka 1908 ndio Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold, baada ya wazee wetu kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa porini. Tarehe mbili zimekutana tu, lakini mimi nikitazama soli ninakumbuka.

Kiatu cha mchezo kikageuka cha wanafunzi, kisha cha wanamuziki, kisha cha kila mtu. Kwetu kulikuwa tayari na sheria nyingine ya miguu: ile ya Sape, ya Kinshasa na Brazzaville, ya kina Papa Wemba, ambapo kiatu ni cha ngozi, cha jina kubwa, na kinang'aa. Kwa sapeur wa kweli basketi ya kitambaa ni kama kuja kwenye arusi na kikapu cha soko. Vijana wa leo wanaivaa na koti, na wazazi wanaguna. Mimi niko kati kati: kanisani na kwenye kilio, iliyo safi na ya rangi moja inapita. Siku ya kuomba kazi kwenye kampuni, acha nyumbani. Atakayekupokea ataangalia chini kabla hujasema jina lako.

Mahali ambapo kiatu hiki hakifai hata kidogo ni kwenye shimo. Bado tunaona wachimbaji wanaoshuka na basketi zilizochoka, ati zinashika vizuri ukutani. Jiwe likianguka, kitambaa hakizuii kitu. Msumari unapita soli bila kuuliza.

Na kuna jambo ambalo macho hayaoni. Kitambaa kinakamata vumbi ndani ya nyuzi na kulipeleka nyumbani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao katika kartie ya Kasulo, pale watu walipochimba cobalt katikati ya nyumba. Walikuta cobalt nyingi zaidi katika mkojo na damu ya wakazi wa pale kuliko ya wakazi wa kartie jirani, na watoto ndio walioonyesha tofauti kubwa. Vumbi la ndani ya nyumba pia lilikuwa na madini mengi. Mtoto anatambaa pale baba anapovulia viatu. Basi viatu vya machimboni vibaki nje, na visioshwe katika beseni ya vyombo.

Sasa, kununua. Nenda jioni, maana mguu unavimba kidogo baada ya kutembea. Vaa vyote viwili, simama. Mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi karibu ya upana wa gumba. Kunja kiatu pale vidole vinapokunjika: ukiona mwanya kati ya ukanda wa mpira na kitambaa, gundi ni ya uongo, hata kama nyota ya pembeni ni nzuri kabisa. Nyota ni rahisi kuiga.

Kwenye tombola, bonyeza soli kwa ukucha. Mpira uliozeeka ni mgumu kama mbao, una nyufa ndogo, na utakuacha njiani mvua ya kwanza. Angalia pia kisigino: kama kimelika upande mmoja, mwenye kwanza alikuwa na mwendo wake, nawe utafundishwa huo huo.

Kufua: toa kamba, tumia maji ya baridi na sabuni kidogo, suuza sana. Sabuni ikibaki ndani, jua litaleta madoa ya njano. Jaza karatasi ya choo ndani, funika na nje pia, anika kivulini. Wakati wa mvula usivae viatu vibichi siku mbili mfululizo. Kuvu ya kati ya vidole inapenda hapo. Mwenye jozi moja tu afue siku ya posho usiku? Haitakauka kwa misa ya asubuhi. Afue ijumaa.