Je, Wajua? Lamu iliwahi kuwa na posta ya Wajerumani

Je, wajua kwamba Wajerumani walifungua posta katika mji wa Lamu mnamo Novemba 1888? Wakati huo Witu, upande wa bara, ilikuwa chini ya himaya yao, na Lamu ndiyo ilikuwa bandari yao ya kupitishia biashara na barua. Barua zilizotumwa hapo zilibandikwa stempu za Ujerumani, kisha zikagongwa muhuri wenye jina la Lamu.

Posta hiyo haikuwa jumba la mtindo wa Ulaya, bali nyumba ya Waswahili. Nyumba za mawe za Lamu hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukiingia, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wake hupimwa kwa urefu wa boriti, takriban mita 3 tu. Kuta nene huzuia joto la nje.

Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, katika mkataba ambao pia uliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland. Machi 1891 posta ikafungwa.

Leo nyumba hiyo ni makumbusho, ndani ya Mji wa Kale ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ukifika Lamu, usiipite. Ingia ujionee, kwani mwacha asili ni mtumwa.