Askari wa Mwili Wanapokosea

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Mshipa unadunda. Wako wagonjwa ambao hapo haudundi.

Mwaka 1908, huko Japani, daktari wa macho Mikito Takayasu alieleza habari za mwanamke kijana mwenye mishipa mibovu machoni. Wenzake walisema wamewaona wagonjwa kama huyo, na mapigo ya mkononi hayakusikika.

Katika ugonjwa huo, uitwao Takayasu, askari wa mwili huacha vijidudu na kushambulia mishipa mikubwa ya damu. Mishipa huvimba, njia ikawa nyembamba.

Tunarithi kwa wazazi maagizo ya kuwaongoza askari hao, yaitwayo jeni. Jeni ya HLA-B52 huonekana zaidi kwa wagonjwa hawa. Lakini wengi walio nayo hawaugui kamwe! Si laana, wala hauambukizi. Dawa za kuwatuliza askari hao zipo, na hufaa zaidi kabla mshipa haujaziba.